Wakwe walivyokula ndafu yangu ya maboksi kwenye send off ya dada

Wakuu, shikamooni wenye mvi, wengine mambo vipi. Hii imetokea kwetu Sombetini, mashahidi wapo, na wengine bado wana kiungulia.

Kwanza mnijue. Nipo form three. Darasa zima nalichorea mimi moyo na figo za Biology, wananilipa chapati. Hiyo ndiyo kazi rasmi.

Side project zangu ziko nyumbani. Naloweka maboksi, nachanganya na uji wa ngano, nafinyanga wanyama. Kuna kuku nilimtengeneza, jogoo wa jirani akamtongoza wiki nzima.

Sasa dada Ndeshi, binti wa mama mdogo, akapata mchumba wa Njiro, kule kwa wenye pesa. Kamati ya send off ikamudu ndafu moja tu.

Kwa wasiojua, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa. Anaingizwa ukumbini amesimama, majani mdomoni, watu wanacheza mbele yake kama kaja waziri.

Mama mdogo akaona mmoja ni aibu kwa watu wa Njiro. Akanivuta pembeni.

"Keki za siku hizi si zina ghorofa za uongo? Nitengenezee mbuzi wa uongo, akae nyuma ya yule wa kweli."

Wakuu, nilijitoa. Mbavu za boksi, macho ya gololi. Rangi nikapiga kwa kahawa ya bibi kutoka Meru. Mama mdogo akampaka mafuta, kitunguu saumu na ndimu ili anukie. Mbwa wetu akakaa chini akimwangalia kwa heshima.

Siku yenyewe, mbuzi wa kweli aliungua ubavu, sikio moja likabaki kwenye moto. Wangu alionekana katoka saluni.

Baba mkwe akapewa kisu achague pa kuanzia. Akampita wa kweli bila hata salamu, akasimama kwa wangu.

Mama mdogo akaanzisha pambio peke yake. Mimi nikajibanza nyuma ya spika.

Kisu kiligoma kidogo, kisha kikaingia kwa sauti ya mtu anayefungua TV mpya. Mzee akakata kipande cha paja, akakitazama, akampa dada amlishe mama mkwe.

Hapo ndipo penyewe. Kwetu ukitema kipande alichokulisha bibi harusi, umemtema yeye. Na dada alijua ameshika nini. Akakipeleka mdomoni kwa mama mkwe huku anatazama dari.

Mama mkwe akafungua mdomo. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

MC naye, badala ya kupiga muziki, akamsogezea mic. "Mama, ndafu imeiva?"

"Imeiva," akasema. "Ila ni mbuzi mzee."

Vigelegele! Dada akamkumbatia huku analia. Baba mkwe akalishwa, akameza kama dawa ya malaria. Mashangazi wa Njiro wakajipanga foleni wenyewe, maana nani atakubali aonekane hamtaki mkwe?

Wageni wengine ndiyo wakakatiwa yule aliyeungua.

Baadaye baba mkwe akanifuma nyuma ya spika.

"Fundi ni wewe?"

"Shikamoo baba. Ndiyo."

"Lilikuwa boksi la nini?"

"La sabuni ya unga."

Akafuta mdomo na leso, taratibu. "Ndiyo maana mke wangu anatoa povu tangu saa ile."

Nikajua nimekwisha. Akaniinamia sikioni.

"Ya harusi, tumia boksi la biskuti."

Nilichojifunza wakuu: watu wa Njiro tuliwaogopa bure. Mtu aliyekula boksi la sabuni ili dada yako asiaibike, huyo ni ndugu, hata mahari mngeweza kumpunguzia.

Mwenye duka Levolosi na maboksi ya biskuti aje inbox. Na wewe, sherehe gani ulilishwa kitu ukameza kwa heshima tu? Semeni, mama mkwe asijione yuko peke yake.