Sanamu Lisilo na Uso

Mwanangu wa kike alikuwa ndani ya lile sanamu walipoanza kulipiga. Nasema mapema, maana nikisimulia watu huanza kucheka, wakidhani ni habari ya michezo ya wanafunzi tu.

Miaka minne sasa imepita. Mwalimu wa kazi za mikono wa skuli yao, ambaye jioni alitufundisha na sisi watu wazima kusoma, aliwataka wanafunzi waunde vitu vya kuwekwa uwanjani mbele ya soko. Vitu ambavyo mpita njia havitazami tu, anavishika na kuvichezea. Wengine walipanga madebe chini, ukikanyaga hili linalia hivi, ukikanyaga lile linalia vingine. Kundi la mwanangu likaunda mtu mkubwa, urefu mara mbili ya wangu, mbavu zake mbao, nyama zake katani. Pembeni ilining'inia kamba. Ukiivuta, mtoto aliye ndani naye anavuta zake, jitu linainama na kukunyooshea mkono kukuamkia. Mwanangu ndiye aliyekaa ndani kwa sababu alikuwa mwembamba kuliko wenziwe.

Uso wa sanamu aliutengenezea nyumbani kwetu mtaa wa Mabawa, kwa karatasi na gundi ya unga wa muhogo. Ulikuwa uso mzuri, una mashavu, unacheka. Nikamwambia kuunda kiumbe na uso wake dini haituruhusu. Akasema hilo ni la skuli, halitaingia ndani. Sikubishana naye. Niliuchukua nikautia jikoni, ukaungua chini ya chungu cha kunde, naye amesimama mlangoni ananitazama.

"Sasa watu watajuaje kuwa anacheka?" akaniuliza.

Jioni ile nilimwendea mwalimu, nikamtaka kichwa cha sanamu kifunikwe, kisitiwe uso. Akasema haya mama, kichwani tutafunga gunia. Nikarudi nyumbani moyo wangu mweupe.

Siku yenyewe mtoto alitoka asubuhi bila kula. Nilipomaliza kuswali adhuhuri nikafunga vipande vya mkate wa kumimina, nikajitupia buibui, nikatoka mbio, hata mitalawanda niliyotawadhia sikuivua. Nilifika sokoni viatu vya mti vinagonga kokoko kama punda.

Uwanja ulijaa. Bibi mmoja mtu mzima alivuta kamba, jitu likainama, naye akaitika, "Marahaba, baba, hujambo?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nikajua ndani mle mwanangu anacheka pia.

Kisha wakaja wakata mkonge, siku hiyo walikuwa na mapumziko. Mmoja wao, pande la mtu, akavuta kamba. Jitu likamwinamia. Hakucheka. Alilitazama lile gunia kitambo, halafu akasema, "Nyapara. Leo unaniinamia wewe."

Akalizaba kofi.

Watu wakapiga makofi. Akavuta tena, likainama tena, akalizaba la pili. Mwenziwe akamsukuma, akasema huyu si nyapara wako, huyu ni karani wa kodi aliyenifunga. Akapiga ngumi. Wa tatu akamwita mwenye nyumba wake. Hata mwanamke wa mtaani kwetu, ninayeswali naye tarawehe, alivua kiatu akalipiga tumboni, na kila pigo akimtaja mke mwenziwe. Mimi bado nilikuwa nacheka. Hilo nitaulizwa na Mungu.

Halafu ukaja mpiko, ule mti wa kuchukulia mizigo. Yule wa kwanza ndiye aliyempokonya hamali. Alilipiga sanamu bega, mbao ikapasuka, nikasikia ukelele ambao hakuna aliyeujua pale ila mimi. Nikasema kuna mtoto ndani. Mtu akageuka akawaambia wenziwe mama huyu anasema lina roho, wakacheka, na mmoja akasema basi tulitoe hiyo roho. Wawili wakashikana mashati wakigombea zamu, mmoja akamvunja mwenziwe pua kwa kichwa, damu ikanirukia mkononi. Na mpiko unapanda, unashuka. Na kila ukishuka, jitu linainama.

Nilivua mtalawanda. Nilimpiga yule mwenye mpiko mdomoni kwa kisigino cha mti, nikasikia meno yanavyokatika. Akanigeuzia mpiko, ukanipata mtulinga, mfupa wa bega, mkono wa kushoto ukafa. Nikampiga sikioni. Nikampiga goti. Alipoanguka nikampiga kichwani. Ulimi wangu, ambao hata wanangu sijawatukania, ulikuwa unasema maneno nisiyoyajua yalikokaa. Sikumtaja Mungu hata mara moja.

Sanamu lilianguka ubavu. Nililichana katani kwa mkono mmoja na meno. Nilimkuta mwanangu amejikunja, damu inamtoka kichwani, kamba imemzonga mkono wa kulia, vidole viwili vimegeukia nyuma. Na bado anavuta.

"Acha," nikamwambia. "Acha mwanangu, ni mimi."

"Nilidhani nikiinama vizuri wataacha," akasema.

Askari walikuja baadaye na virungu vyao, wakawapiga waliopiga na wasiopiga.

Hukumu ya dini juu ya sanamu mimi sijaibadili, na mwalimu alipokuja kuomba radhi nilimwambia hivyo hivyo. Lakini gunia lile nililitaka mimi, na watu walilivika kila mtu wanayemchukia. Uso wa karatasi, unaocheka, sidhani mtu angeanza kuuzaba kofi. Haya mawili ninayo yote, na sijaweza kuliacha hata moja.

Fundi wa kuunga mifupa alivivuta vile vidole nikiwa nimemlalia mtoto kifuani asitapetape. Kimoja kilinyooka. Cha pili mpaka leo kimepinda, na kalamu anaishika kwa taabu.

Wiki ya pili yule mkata mkonge alikuja nyumbani na mzee wa kwao, mdomo umevimba. Wakakaa barazani. Alieleza kwamba hakujua kuna mtu ndani, kwamba nduguye alipigwa shambani na nyapara mpaka akatapika damu, kwamba alipoliona lile gunia linamwinamia alimwona nyapara yule. Mimi nikamwomba radhi kwa meno, naye akasema meno si kitu, mama. Mzee akaleta dua, tukasoma Fatiha. Nikamwambia mgeni nimemsamehe, na mwanangu amesamehe.

Pazia la mlango likafunguka. Mtoto amesimama, mkono umefungwa vijiti.

"Mama na yeye wameshasameheana meno," akasema. "Vidole ni vyangu. Mimi sijasamehe."

Mzee alinitazama, akingoja nimkemee. Nilimmiminia mgeni kahawa, nikamwambia anywe isipoe.