Sifuri Kabla ya Jibu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Jana nilifungua ukurasa ulioutengeneza, nikaiona tena ile sifuri.

Wakati huo nilikuwa kijana, naandika programu kwenye kiofisi hapa Ifakara. Mwenzangu Deo alitengeneza ukurasa wa kuonyesha kina cha maji mtoni: unachagua kijiji chako, namba inafuatwa kwenye seva, kompyuta inayotunza vipimo vya mto, inaonekana. Mtandao wetu unaujua. Namba ilikuwa ikichelewa, na kabla haijafika Deo aliweka sifuri, eti kisanduku cha namba kisikae kitupu.

Shangazi yangu Veronika alikuwa bondeni upande wa Namawala, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akiwinga ndege wasile mpunga. Mwanawe alibaki nyumbani na mtumbwi, amfuate mama yake maji yakipanda. Akafungua ukurasa, akaona "Maji: 0", akatia simu mfukoni, akaenda kanisani. Namba ya kweli, ya mto uliofurika, ilifika simu ikiwa mfukoni.

Walimkuta shangazi juu ya paa la dungu, amekumbatia nguzo, mpunga wote umezama.

Alipopata nguvu akaja ofisini. Deo akamwamkia, "Shikamoo shangazi," kisha akasema, "Mngesubiri kidogo tu, namba ingekuja. Tatizo ni mtandao."

"Marahaba. Mimi nilisubiri, baba. Nilisubiri juu ya paa." Akamtazama. "Mtu akija kwenu akauliza kama mama yupo, na wewe hujaingia ndani kuangalia, unamjibu hayupo?"

Deo akacheka. Akacheka, mwanangu! Na wewe jana ulinijibu kama yeye, kwamba tatizo ni mtandao.

Basi nisikilize. Kisanduku kina hali zake, na kila hali iseme ukweli wake. Namba haijafika, andika "Tunasubiri". Imeshindwa kuja, sema imeshindwa, umpe mtu pa kujaribu tena. Sifuri iandikwe pale tu seva yenyewe imesema sifuri. Na mtu akichagua kijiji cha Mkula kisha akahamia Namawala, jibu la Mkula likichelewa kufika litupe, usimwonyeshe maji ya wenzake.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na moyo wa kuandika kwamba hujui. Sasa nenda ukaiondoe hiyo sifuri. Shangazi bado analima kulekule, na ukurasa anaoufungua mwanawe mwaka huu ni wako.