Sauti ya Remedios Haiazimwi

La, sikufukuzwa. Niliondoka kwa miguu yangu, nikapanda treni mpaka nyumbani Farsta na aproni bado kiunoni. Najua ndilo unalotaka kuniuliza, maana babu yako alishakujaza maneno. Kaa, mjukuu wangu, vua hilo koti.

Siku ile ya baridi naikumbuka vizuri, miaka ya sabini, mimi napiga pasi nguo za waigizaji hapa hapa Stockholm. Shule sijaenda, lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja naidaka. Akaja mwigizaji kutoka Hispania, tukimwita Remedios. Kwao alishaigiza mtawa, mwizi wa kuku, malkia, mjane kichaa. Akivaa gauni nililonyoosha anatoka mtu mwingine, hata mgongo unabadilika. Mara unamwogopa, mara unataka kumpa uji. Sauti yake tu ndiyo ile ile: nzito, inakwaruza, kama mtu anaburuta kiti.

Hapa aliigiza mfua mashuka wa hotelini, mgeni kama sisi. Mwisho wa filamu bosi anamwambia apige magoti, aombe radhi kwa kosa asilolifanya, naye anajibu, "Sipigi magoti." Basi. Lakini mwenye hoteli walikopigia picha aliposikia akanuna, eti wanamchafulia jina. Sasa filamu ile picha walichukua kwanza, sauti wanaingiza baadaye, chumbani. Mwongozaji akamtaka Remedios, akifika hapo, aseme "Nisamehe, bwana." Yule mama akagoma. Akamwambia nimekuwa malaya, nimekuwa malkia, kuwa mwoga sijawahi na sianzi kwako.

Mimi kule kwenye pasi namwigiza Remedios, wenzangu wanacheka mpaka wanaunguza mashati. Mwongozaji akapita mlangoni, akasikia. Kesho yake akaniita. Lilla vän, akaniambia, rafiki mdogo. Na mimi nimeshazaa mara mbili. Eti niseme mimi yale maneno kwa sauti ya Remedios, nani atajua? Nikikubali, filamu inayofuata ananiweka mbele ya kamera, pasi naiaga.

Nilitaka, mwanangu. Sikufichi, nilitaka sana. Na babu yako, kwa ile sauti yake ya shehe aliyeshiba: "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname." Nikamwambia inategemea nani amekisukumia huko mvunguni.

Hata hivyo nikaenda chumba cha sauti. Wakanivika vile vidude vya masikioni, taa zikazimwa, Remedios akatokea ukutani, uso mkubwa kama mlango. Kinywa kinafunguka, sauti hakuna. Mwanamke anayeweza kuwa kila mtu, na hawa wanataka nimfanye yule mmoja aliyemkataa, tena kwa koo langu. Nikanyamaza. Picha ikaisha, wakairudisha. Nikanyamaza tena.

Sasa nasaha nakupa kabla sijamaliza, maana nikimaliza utacheka na hutanisikia. Kinywa ni jumba la maneno, walisema wahenga. Basi jumba la mwenzio usiingie kwa mlango wa nyuma ukamhamishia vyombo. Kazi watakupa, watakunyang'anya, utapata nyingine. Mimi nilipata ya kufagia shule kule Jakobsberg, na watoto wangu walikula. Remedios alibaki na maneno yake kwenye filamu, na mwenye hoteli hakufa. Ukiambiwa umsemee mtu asichokisema, kataa, hata kama unaweza. Hasa kama unaweza. Mungu akupe ulimi mwepesi na shingo ngumu, na akijaalia, mwanao akushinde kwa vyote viwili.

Haya. Mwongozaji akaingia mwenyewe, kafura, anauliza nimepatwa na nini, si maneno mawili tu? Nikaisogelea maikrofoni, nikamjibu kwa sauti yake yeye, ile ya puani, ya mtu aliyezoea kusubiriwa:

"Maneno yako. Yaseme kwa mdomo wako."