Bunduki Iliyosuguliwa kwa Majivu

Jumapili, nikitoka kanisani, nililetewa habari kwamba jirani yangu wa zamani kule Idodi hatunaye tena. Tembo wamemkanyaga shambani kwake, mahindi yakiwa yamekauka, bado kuvunwa tu. Mdogo wake ndiye aliyeniambia kwamba marehemu alikutwa na debe alilokuwa akilipiga kuwafukuza. Debe! Mtu mwenye bunduki na leseni yake. Nimechoka, wasomaji wangu, na leo sitajisumbua kuuficha uchovu huo.

Tulipohamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali, tembo na nguruwe wakaona tunawalimia wao. Marehemu ndiye aliyetulinda kwa bunduki yake. Kila mwaka aliipeleka mjini kukaguliwa, na kabla ya safari aliisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria ya harusi. Mwaka mmoja, kabla sijahamia mjini, tulipanda lori pamoja. Trafiki akatusimamisha, akaona mtutu umechomoza kwenye gunia.

"Leseni ninayo, afande," jirani yangu akasema, akiitoa kwa mikono miwili.

Askari aliigeuza bunduki, akaigeuza tena. "Namba iko wapi?"

"Si hapo ubavuni?" Akainama kutazama. Palikuwa panang'aa tu. "Aa! Kumbe nimeisugua mpaka imeisha."

Lori zima tuliangua kicheko. Askari hakucheka, wala simlaumu. Bunduki isiyo na namba angejuaje ni ya nani? Akasema itabaki kituoni mpaka ithibitishwe. "Sawa, baba," jirani yangu akajibu, "ila na tembo nao mwaambie wasubiri." Hawakusubiri. Bunduki iliporudi, imegongwa namba upya, shamba lilikuwa limeshaliwa, na mwaka ule watoto wake walikula kwa hisani ya majirani.

Mwezi uliopita alikuwa akiipeleka tena kwenye ukaguzi. Trafiki mwingine, mgeni huku kwetu, akaona namba mpya kwenye chuma cha zamani. "Hii imechezewa," akasema, na bunduki ikabaki. Marehemu alipoifuatilia kituoni aliambiwa arudi kesho. Aliporudi, mhusika alikuwa amesafiri kwenda Mbeya. Siku hiyo alipita kwangu, akakaa bila kuvua koti. "Kaka," aliniambia, "jangili hapandi lori. Anayekamatwa ni mimi ninayeionyesha." Nilimmiminia chai, akanywa, akaondoka kuwahi gari.

Sisemi silaha zisikaguliwe. Zikaguliwe, tena sana, maana najua zinavyoua mtu zikiwa mikononi mwa wahuni. Ila tumejizoeza, maofisini na barabarani, kudhani kazi imekwisha pale kitu kinapochukuliwa. Kukagua ni kazi, na kurudisha nako ni kazi, tena yenye msimu wake kama kupanda. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huyu wetu imemuua kabisa, na inaniuma.

Tulimzika Jumanne. Tulikuwa bado tunapanga mawe juu ya kaburi mgambo alipofika kwa baiskeli, ametumwa kutoka kituoni. Alivua kofia, akasubiri kwa adabu tumalize, ndipo akatoa ujumbe wake: bunduki imethibitishwa, ni halali, ikachukuliwe.

"Ila lazima aje mwenyewe," akasema. "Hawampi mtu mwingine."

Mdogo wake marehemu akamwonyesha udongo mbichi. "Mwenyewe huyo hapo."