Barabara Iliyofagiwa Bure

Nilikwenda Kabambare kwa sababu ya dada yangu Zaina, mlinzi wa nyumba ya wageni kule. Alinitumia ujumbe: Mzungu asipolala humo kabla ya mvua, wakubwa wa serikali wataigeuza nyumba kuwa ghala la pamba. Mimi nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli ya Kasongo, ambako wasafiri hawakupungua. Alidhani nina dawa yao.

Alfajiri niliondoka kwa baiskeli. Mpaka nje ya mji barabara ilikuwa laini, na kila mlango ulikuwa na kitu cha kuwauzia wageni: mikeka, vinyago, mayai. Baada ya hapo nilisukuma baiskeli zaidi kuliko nilivyoipanda.

Jioni ya pili nilifika kijiji cha Lusangi. Mkulima mmoja alinikaribisha kwa bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikamwuliza kama wasafiri hupita.

"Wale wanabakiaka kwenu," akacheka. "Huku tunasikiaka habari yao tu."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikafika Kabambare. Nilishangaa, tena nikaona haya: nyumba ya Zaina ilikuwa nzuri kuliko hoteli yetu. Kuta zilipakwa udongo mweupe, baraza ilitazama vilima, mtungi ulijaa maji ya chemchemi. Hata barabara aliifagia kila asubuhi, ili gari likipita alama zake zionekane. Nikatazama chini. Nyayo za mbuzi tu.

"Yaya, tunakosea wapi?" akaniuliza, akiniita kama mdogo amwitavyo mkubwa wake. "Vitanda viko, kuku iko. Weye unawajuaka wale watu."

Nikaanza kumwonyesha namna ya kukunja vitambaa vya meza. Akanikatiza.

"Wakiuliza njia ya huku iko na nini, unawaambiaka nini?"

Nikakiweka kitambaa mezani. Waliniuliza kila juma, nami niliwaelekeza upande wa pili, Nyangwe, mtoni.

"Nawaambiaka, kule iko pori tu."

Hakunitukana; afadhali angenitukana. Alimwaga maji ya jana, akaenda kuchota mengine.

Njia nzima ya kurudi nilijisuta. Miaka yote niliamini Kasongo imeendelea kwa bidii yetu, kumbe bidii ya Kabambare nilikuwa naifungia mlango mimi mwenyewe, na sinia mkononi.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Kasongo, mume na mke wa Kizungu walimaliza kahawa wakanyoosha kidole mashariki, kwenye njia ya Kabambare. Kule kuna nini?

"Kuna dada yangu," nikasema. "Anawangoja."

Wakacheka, wakaulizana, wakapakia mizigo. Gari lilipogeukia mashariki nilisimama mlangoni, nikiombea mvua ichelewe siku moja tu, Zaina azione alama za magurudumu.