Mama Hupita Alhamisi

Sokoni Roret bado kuna watu wanaonisimamisha, vitunguu mkononi, kuniuliza ni nini kilinipata siku ile nilipoacha mbio katikati, huko ng'ambo, nikakaa kando ya barabara huku televisheni ikinitazama. Wanataka kusikia ni goti. Goti linaeleweka. Nikisema sikuwa na jeraha lolote, wananiangalia kana kwamba nimewatapeli. Siku hizi nasema goti, nanunua sukuma wiki yangu, naenda zangu.

Haikuwa goti. Ilianza nilipozaa.

Kwetu ni Boito, ambapo ukitoka mlangoni unaona chai na ukigeuka unaona chai. Nilimzaa msichana wakati wa mvua nyingi, na kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Nilimtazama yule mtoto nikingoja ile furaha inayosemwa, ikakataa kuja. Kilichokuja ni woga. Niliogopa kumwogesha, niliogopa kubaki naye peke yangu, nililia nikimenya viazi. Baba yake, mkimbiaji kama mimi, alikuwa nje akitafuta mbio, na kwa simu aliniambia nipumzike, basi.

Mama yangu aliita watu wa kanisa wakaniombea. Kliniki walisema ni uchovu. Mwisho kochi wangu wa mbio alikuja mwenyewe, akanywa chai yetu, akanipa dawa ambayo sisi watu wa huku hupeana kwa kila ugonjwa wa roho.

"Hiyo ni mafikira mingi tu," alisema. "Wewe ulizaa, haukuvunjika mguu. Rudi kambi ukimbie, itaisha."

Nilimwamini. Ndivyo tulivyolelewa: ukiwa na huzuni kimbia, ukikosana na mume kimbia, jasho litaitoa. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna kitu kinachoweza kukimbia nawe bega kwa bega mlima wote, na kisiheme.

Mtoto alikuwa bado ananyonya. Ili maziwa yakauke nilifunga kifua kwa leso, na Mama ndiye aliyekaza fundo la mgongoni. Nikamwachia mtoto, nikarudi kambi ya mazoezi, na huko yalivuja bado, fulana ikiloa mbele nikipanda mlima, na wenzangu wakajifanya ni jasho. Nawashukuru kwa hilo.

Kambi yenyewe iko vilima vichache tu kutoka kwetu, na mbio ndefu ya kila Alhamisi hupita barabara ya udongo wa murramu iliyo mbele ya boma letu. Kwenye mbio ndefu husimami. Ukisimama, kundi linakuacha na kochi anakuandama wiki nzima. Kwa hiyo nilimwomba Mama awe akimweka mtoto ndani ya nyumba Alhamisi asubuhi, kwa sababu nilijua nikimsikia akilia miguu itakataa. Mama alikataa katakata.

"Unataka mtoto akusahau? Mimi nitasimama na yeye hapo kwa fensi. Atakuona kila wiki, atajua mama yake ni nani."

Akasimama kweli. Kila Alhamisi nilimkuta penye ua wa miti ya kayaba, mtoto mgongoni, akimwinulia mkono. "Ona mama! Mama ndiye huyo! Pungia mama!" Nami nikapita. Sikupunga, kwa sababu kochi alikuwa nyuma yetu kwenye pikipiki na hakutaka mambo ya kupunga. Niliona kofia ya sufu, niliona vidole, kisha kona. Baada ya kona nililia.

Mtoto alikua hapo penye ua. Nilimwona mgongoni, kisha nikamwona amesimama kwa miguu yake, na asubuhi moja nikamwona anapunga mwenyewe bila kushikwa mkono. Siku hiyo nilitamani lori la majani chai litokee mbele yetu linimalize. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumapili ningeweza kwenda nyumbani, na mara chache nilienda. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, mtoto akiwa nyuma ya sketi ya bibi yake, nikaondoka mapema nikisingizia mazoezi. Barabarani angalau nilijua la kufanya.

Basi ikaja ile mbio ya ng'ambo. Nilikuwa nimeshapita nusu, na mwili ulikuwa mzuri, wallahi sijawahi kukimbia na mwili mzuri kama ule. Kando ya barabara alisimama mwanamke mmoja na mtoto begani, akimwinulia mkono anipungie. Mtoto wa watu. Nikasimama. Sikuanguka, sikuchechemea. Nilisimama, nikakaa chini, na hiyo ndiyo habari yote wanayoitafuta sokoni.

Nilirudi Boito na mkoba mmoja. Kwetu anayeshinda hupokelewa barabarani kwa nyimbo na mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu. Mimi Mama alinipa yangu jikoni, mlango umefungwa.

"Kunywa. Umetoka mbali," alisema. Kisha akamgeukia mtoto. "Salimia mama."

Mtoto alicheka kama aliyetaniwa, akatazama dirishani, upande wa barabara.

Nilimwambia Mama kwamba sirudi kambini, nimekuja kumlea mtoto wangu. Kochi alipopiga simu sikushika. Nilipika uji, mtoto akaukataa mpaka Kogo, yaani bibi yake, alipokishika kikombe yeye. Nilimwogesha akalia kama anayeogeshwa na jirani. Nikajiambia atazoea. Nilikuwa nimeacha kitu pekee ninachokijua duniani kwa ajili yake, kwa hiyo ilibidi azoee.

Alhamisi ikafika. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai, nami nilikuwa nafagia uani, niliposikia viatu kwenye murramu. Mtoto alivisikia kabla yangu. Aliacha alichokuwa akichezea, akakimbia mpaka kwenye ua wa kayaba, nami nikamfuata nikasimama nyuma yake, ufagio mkononi.

Kundi likapita, lile lile. Mbele alikuwa msichana mgeni aliyechukua nafasi yangu, fulana kama yangu.

"Mama!" mtoto akaita, akipunga mikono yote miwili. "Mama! Mama!"

Yule msichana, Mungu ambariki, akampungia. Pikipiki ikafuata. Kochi alinitazama, akatazama mbele. Kisha kona, na vumbi.

Mtoto akageuka akanikuta pale. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine karibu, alinishika kidole, mara ya kwanza tangu nirudi, akanivuta haraka kuelekea jikoni, twende tukamwambie Kogo kwamba mama amepita.