Bandeji Nzuri ya Dabani

Kosa langu la kwanza katika kazi ya macho lilikuwa bandeji nzuri. Ilikuwa nzuri kweli: mizunguko sita, kila mmoja umefunika nusu ya mwenzake, fundo limekaa juu ya sikio mahali ambapo halitaumiza. Niliifunga kwenye jicho la kulia la mtoto wa kike wa miaka minne hivi, huko Dabani, kisha nikarudi nyuma hatua mbili ili niitazame vizuri.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na moja. Waingereza bado walikuwa wakitutawala, na askari wetu walikuwa wamerudi kutoka vitani. Nilianza kama mfagiaji katika dispensari ndogo karibu na Busia. Nilijifunza kusoma Kiingereza kwenye lebo za chupa, halafu kwenye kitabu cha huduma ya kwanza kisicho na jalada, ambacho askari mmoja aliniachia. Dresa wetu, yule mfunga vidonda, alipohamishwa hawakuleta mwingine. Nilipewa koti lake na baiskeli, nikaambiwa nizungukie vijiji, kwa sababu ukambi ulikuwa umeingia na akina mama hawakuwa wakiwatoa nje watoto wenye ukambi. Waliwafungia ndani hadi upite. Wengi walitoka wazima. Wengine walitoka wakipapasa kuta.

Bandeji niliipata kwenye picha ya kitabu kile. Ilikuwa picha ya askari aliyejeruhiwa jicho na kipande cha chuma. Niliifanyia mazoezi kwenye mtungi usiku na mchana. Sikujiuliza kama askari yule na mtoto mwenye ukambi wana ugonjwa mmoja.

Jicho la mtoto lilikuwa jekundu, limevimba, linatoa usaha. Nililipangusa, nikalifunika kwa pamba safi, nikafunga. Mimi natoka Kiyeyi, kwenye lugha nyingine, na wale ni Wasamia, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili cha sokoni.

"Mama, mtu yeyote asifungue," nilimwambia mama wa mtoto. "Nitafungua mimi mwenyewe. Nakuja Alhamisi."

Bibi wa mtoto alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Hakunyanyua kichwa. "Jicho natoa maji, wewe nafunga. Maji napita wapi?"

"Kukhu, mwache daktari afanye kazi," mama alisema. Kukhu ndilo jina wanalomwitia bibi.

Nilimwona bibi yule kuwa mshamba. Hilo nalo nalikiri.

Alhamisi ilinyesha mvua, na kinamasi kilifunika njia. Ijumaa pia. Kwa miaka kadhaa, kila nilipoulizwa, nilisema mvua ilinizuia. Mvua ilinizuia siku mbili. Siku nne zilizofuata zilikuwa zangu.

Jumamosi jua liliwaka. Nilisafisha baiskeli, nikatia mafuta mnyororo, halafu nikaogopa. Nilijua kufunga, lakini sikujua nitafanya nini nikishafungua. Mama yule angeniuliza swali, nami ningesimama pale na koti langu jeupe bila jibu. Nikajiambia nisome kwanza sura yote ya macho, nikiwa tayari ndipo niende. Nilisoma polepole, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Jumapili jioni, kurasa mbili baada ya picha ya askari, nilikuta mstari uliosema jicho lenye usaha lisifunikwe kamwe.

Niliusoma mara nyingi. Nilitumaini kwamba Kiingereza changu ni kibaya. Jumatatu niliendelea kutumaini; nilitafuta kila neno la mstari ule kwenye kamusi, hata yale madogo niliyoyajua tangu zamani. Jumanne nilirudi tena kwenye kamusi. Jumatano asubuhi ndipo nilipopanda baiskeli.

Bibi aliniona kutoka mbali. "Kumbe umekuja!" alisema. "Sisi tulifikiri na wewe umefungwa macho."

Mama aliniingiza ndani. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngozi, mikono mapajani, ametulia kuliko mtoto anavyopaswa kutulia. Bandeji ilikuwa vile vile nilivyoiacha, haina hata vumbi. Mama alikuwa akimzuia asilale upande ule na asicheze, na wakati wa kumlisha alimtandikia kitambaa begani ili uji usiidondokee. Majirani walikuja kuitazama, aliniambia, wakasema hakijapata kufungwa kitu kizuri namna ile hapo kijijini.

Nikafungua. Sitaeleza nilichokiona chini ya pamba. Jicho halikuwepo tena la kutibu.

Kisha mtoto akanigeuzia uso, nikaona lile la kushoto. Nalo lilikuwa limeanza kuwa jekundu, na katikati palikuwa na ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo.

"Twende Tororo," nilisema. "Sasa hivi."

"Baba yake yuko ziwani," mama alisema.

"Ukimngoja baba yake, mtoto hataiona sura ya baba yake tena."

Bibi alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni mwa mama. Alikaza kitambaa, akanitazama. "Leo enda mbio," alisema. "Hapana simama kuosha baiskeli."

Sijui alijuaje. Pengine aliona ilivyong'aa.

Mama alikaa kwenye keria na mtoto mgongoni, nami nikaendesha. Kwenye vilima tulishuka na kukimbia. Karibu na njia panda, wanaume waliobeba pamba walipiga kelele: "Haya, daktari ameiba mke! Na mtoto juu!" Siku nyingine ningecheka. Kila tuliposhuka mama alimwuliza mtoto kwa Kisamia, na nilijua anachouliza, kwa sababu alikuwa akipitisha kiganja nyuma ya bega, mbele ya uso wa mtoto. Mtoto alikuwa akijibu. Tulipokaribia mji, mwamba wa Tororo umesimama mbele yetu mkubwa vile, alimwuliza tena, na mtoto akakaa kimya.

Hospitalini daktari Mzungu alikuwa safarini. Alitupokea tabibu wa wodi, Mwafrika mwenye mvi na miwani. Alitazama jicho la kulia muda mrefu.

"Nani alilifunika hili?"

"Daktari alisema nisiguse," mama alijibu haraka. "Sikugusa, bwana. Hata mama mkwe wangu nilimkataza."

Alilisema kwa fahari, kama mtu anayengoja kusifiwa. Niliangalia sakafu. Ingewezekana ninyamaze, koti nilikuwa nimelivua kwa joto, na tabibu asingejua kwamba daktari huyo ni mimi.

"Ni mimi, bwana," nilisema.

Nilingoja anipige. "Nawa mikono," alisema. "Limebaki jicho moja."

Alimnywesha mtoto mafuta ya samaki, akaniambia nichemshe maji yenye chumvi kidogo na kuliosha jicho kila saa, halafu nitie dawa. Nilichemsha. Niliona kipunje cha vumbi, nikamwaga, nikachemsha tena. Mara ya pili nikaona kingine, nikamwaga. Tabibu akaja akasimama nyuma yangu.

"Mpaka umalize kutafuta usafi wako, mtoto huyu atakuwa ameolewa," alisema. "Mama, njoo. Fanya wewe."

Mama aliosha jicho lile kila saa kwa siku tisa, na mimi nilimshikia bakuli.

Siku ya tano bibi alifika kwa miguu kutoka Dabani, na maini ya kuku yamefungwa kwenye jani la mgomba. Alikaa kitandani bila kusema neno, bangili zake zimetulia, ili mtoto asimtambue kwa sauti. Mtoto aligeuza kichwa, akanyoosha mkono, akaikosa bangili, akanyoosha tena, akaishika. Bibi akalia. Mama hakulia, alitoka nje akasimama ukutani.

Nilimfuata. Nilimwambia yote: kitabu, mstari, siku nne. Nilimwambia jicho lile nililiua mimi.

"Najua," alisema. "Siku ya tatu nilisikia harufu. Nilishika fundo nifungue. Halafu nikakumbuka umesema nisifungue."

Kisha akarudi ndani, saa ya kuosha jicho ilikuwa imefika.

Jicho la kushoto lilibaki na kovu jeupe upande wa chini. Mtoto huyo, ambaye sasa ni mtu mzima, anaona njia na sahani yake, na anamtambua mtu akiwa karibu. Hawezi kutunga uzi kwenye sindano. La kulia ni shimo.

Tangu wakati ule sijafunga jicho la mtoto lenye usaha. Nikiingia kwenye nyumba yenye ukambi ninamfundisha mama kuosha, ninamtazama akiosha, na ninamwambia kwamba akisikia harufu au akiona ukungu asiningoje mimi wala neno langu, aende Tororo. Nikiahidi Alhamisi, ninafika Alhamisi, hata kama sijui nitasema nini.